Tom na binamu yake George: epi ya mapacha iliyomtoa Jerry akili

Paka_wa_Gengeni (mwenye uzi)

Wakuu kwema? Leo naomba siasa tuweke pembeni, Simba na Yanga pembeni, tuongelee paka wawili.

Kuna epi ya Tom and Jerry inaitwa Timid Tabby, ya mwaka 1957, wengi mmeiona ila jina hamlijui maana zile diski tulizokuwa tunanunua zilikuwa zinaandikwa tu katuni 50 ndani ya 1 halafu kava lina picha ya kitu kingine kabisa. Ni ile ya Tom na binamu yake. Kama hujakumbuka ngoja nikukumbushe.

Tom anapata barua, binamu yake anaitwa George anakuja kumtembelea. Huyo George ukimwona huwezi kumtofautisha na Tom, rangi ileile, masikio yaleyale, sharubu zilezile, yaani Kulwa na Doto. Kuna kitu kimoja tu, George anaogopa panya. Paka mzima, ana makucha, ana meno, akimwona panya anatoka nduki.

Sasa Jerry hana taarifa yoyote ya mgeni. Yeye anakutana na George anajua ni Tom wake wa siku zote, jamaa anaruka anakimbia. Jerry anabaki ameduwaa, anajiangalia, anajaribu tena kumtishia kidogo, jamaa huyooo. Basi Jerry kichwa kinavimba, anaona leo ndo leo, nyumba imekuwa yake. Anatembea kwa madaha, anamfuata tena amtishe, kumbe safari hii aliyesimama pale ni Tom mwenyewe. Anakula kipigo. Anajikusanya, anarudi kwa tahadhari, anakuta mwoga. Anapata ujasiri, anakuta Tom. Inaenda hivyo hivyo mpaka panya wa watu hajui tena dunia inaendaje.

Halafu mwisho Tom na George wanashtuka kwamba kumbe kufanana kwao ni silaha, wanaungana wanajifanya paka mmoja mwenye vichwa viwili na mikono minne na miguu minne, Jerry akiona vile hana hata haja ya kupigwa, anaondoka mwenyewe anakwenda kujisalimisha kwenye nyumba ya kutunzia panya walioharibikiwa na neva. Nimecheka mpaka mtoto wa dada yangu niliyekuwa naangalia naye akaniuliza mjomba unaumwa?

Hoja yangu ni hii wakuu na niko tayari kupingwa. Watu wengi tunaamini Jerry anamshinda Tom kwa sababu ana mbio, au ana bahati, au wachoraji wanampendelea. Mimi nakataa. Jerry anashinda kwa sababu anamjua Tom kuliko Tom anavyojijua. Tangu 1940 wako nyumba moja, anajua akikunja uso hivi ataruka, akinyata hivi ana nyundo nyuma, akitabasamu hivi kuna mtego kwenye jibini. Ukimpa paka mwingine yeyote mkali zaidi, Jerry atamsoma siku mbili tatu atamweza. Ila ukimletea sura ileile yenye moyo tofauti umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Ndo maana kwangu hii ni pea kali kuliko zote kwenye katuni ile, hata kuliko Jerry na yule Muscles.

Naomba kuwasilisha.

fundi_rimoti

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na karanga.

Bwana Msafwa

Mkuu umeanza vizuri umemaliza vibaya. Kuliko Muscles? Muscles huyu huyu wa Jerry's Cousin ya 1951? Naomba nikuulize, hivi ulikuwa unaangalia au ulikuwa unasinzia.

Kwa ambao hawajaiona: Tom anamsumbua Jerry vibaya sana, Jerry anaandika barua kwa binamu yake anayeishi uswahilini huko, mtaa wa paka wahuni, ila paka wa mtaa wote wanamwogopa yeye. Panya mmoja. Paka ndo wanakimbia. Anasoma barua, anafunga safari. Akifika ni Jerry mtupu, sura ileile, kimo kilekile, ila kavaa kofia yake ya kihuni, anatembea kwa kutupa mabega na anaongea kama mbabe wa kijiweni, wakati Jerry mwenyewe huwa haongei. Tom anapigwa. Anafanya mazoezi, ananyanyua vyuma, anajaza kifua, anapigwa tena. Mwisho anakodi wahuni, paka watatu wenye kampuni yao ya kazi chafu kabisa, wanakuja na wao wanapigwa, wote watatu!

Halafu Muscles anavyoondoka anamwachia Jerry nguo kama zake. Jerry anavaa. Tom anamwona anapiga magoti anabusu miguu. Miguu ya Jerry, panya ambaye asubuhi alikuwa anamfanya anavyotaka.

Hii kitu iliteuliwa Oscar bwana. Hiyo ya kwako iliteuliwa wapi?

Paka_wa_Gengeni

Mkuu Msafwa iliteuliwa ndiyo ila haikubeba, mwaka ule alibeba Gerald McBoing-Boing, yule mtoto anayetoa milio badala ya maneno. Na tukienda kwa Oscar hata hatutaongea maana Tom and Jerry wanazo 7, kila mtu atataja yake tutakesha.

Ila nikujibu hoja yako. Jerry na Muscles wanafanana, sawa. Lakini Muscles anaingia amevaa kofia na ana mwendo wake. Tom akimwona anajua huyu ni yule mbabe na yule ni wa kwangu wa kila siku. Kwa hiyo karibu epi nzima kufanana kwao hakufanyi kazi yoyote, hata wangemleta sungura mwenye misuli hadithi ingeenda vilevile. Kufanana kunakuja kufanya kazi dakika ile ya mwisho tu Jerry anapovaa zile nguo. Timid Tabby inatumia kufanana mwanzo mwisho.

Bwana Msafwa

Hapo hapo ndo nakupiga. Kwani mzaha mzuri lazima utumike mara ishirini? Jerry's Cousin inakuficha. Dakika zote zile unaangalia ngumi umesahau kabisa kwamba hawa wawili ni sura moja, halafu mwishoni wanakukumbusha kwa kofia. Kofia tu! Ya kwako hiyo mzaha ni uleule, katokea mwoga, katokea mkali, katokea mwoga, mpaka mtu unajua kinachofuata.

Bi Nyambizi

Mie nimepita tu lakini nyie wanaume mwaniua mbavu, watu wazima na ndevu zenu.

Lakini Msafwa hapo hapana. Kujua kinachofuata ndio raha yenyewe. Mie nilivyokuwa nikiitizama nikijua kabisa huyu sasa anamwendea Tom, nikimwambia Jerry usende, usende bwana, naye anakwenda! Angekuwa hajui na mie sijui, ningecheka na nini? Huyo panya anakwenda kwa maringo kifua mbele na sote twajua anakwenda kupigwa.

msee_wa_Rongai

Wasee huu uzi umenibeba. Mimi ni wa upande wa George, na sababu yangu ni tofauti kidogo na ya mwenye uzi.

Muscles ni mtu poa lakini ni hero tu, anakuja anapiga watu anaenda, hiyo tumeiona kwa muvi zote. George ni kitu ingine. Ati paka anaogopa panya! Na hao waandishi hawakumfanyia ile kitu ya kawaida, ati mwisho George anajifunza kuwa jasiri sijui anapiga panya moja safi watu wanapiga makofi. Hapana. George alikuja mwoga na hakuna mahali nakumbuka akipewa somo la ujasiri. Akabaki na uoga wake na bado wakashinda na Tom, juu walitumia ile sura yao. Hiyo mimi naheshimu sana.

Alafu angalia vile Tom anamtreat. Tom ni mkatili kwa kila mtu lakini kwa huyu cousin wake hamfukuzi.

Paka_wa_Gengeni

Msee wa Rongai umenena, na hapo kwa Tom umenigusa. Tom tumemzoea akiwa na paka wenzie ni ugomvi, akina Butch wale wakija ni kugombea panya au kugombea demu. George ni ndugu na anamchukulia kama ndugu.

Kijoti

Naomba kuchangia upande wa picha maana naona mnaongelea hadithi tu.

Hizi epi mbili zina miaka sita katikati na ukiziweka pamoja unaona kabisa studio imebadilika. Ile ya 1951 ni enzi za MGM, studio iliyokuwa inatengeneza katuni hii, wako vizuri, Fred Quimby ndiye prodyuza, mandhari za nyuma zimechorwa kama picha ya rangi ya maji, vivuli, kona za nyumba, ule mtaa wa Muscles unausikia mpaka harufu. Quimby akastaafu 1955, Hanna na Barbera, wale waliobuni Tom and Jerry, wakawa wanaprodyuzi wenyewe, na kipindi hicho wakahamia kwenye ile skrini pana ya CinemaScope. Timid Tabby ni ya skrini pana. Mistari imekuwa minene, nyuma kumekuwa kweupe, rangi bapa, fanicha chache. 1957 hiyo hiyo MGM wakafunga kitengo chao cha katuni, wale jamaa wawili wakaenda kuanzisha kampuni yao na 1960 wakatoka na Flintstones.

Watu wengi wanaoijua hii katuni wanazidharau zile za mwisho na kwa uchoraji mimi naungana nao. Lakini kwa hii epi ule upana umesaidia. Ukitaka kuweka paka wawili wanaofanana kwenye fremu moja na panya katikati yao unahitaji nafasi. Na lile zimwi la vichwa viwili lingebanwa kwenye skrini ya mraba lisingekaa vizuri vile.

fundi_rimoti

Kijoti kumbe wewe ni mwalimu na ulikuwa umenyamaza.

mama_Zuu_wa_Tegeta

Mnanikumbusha shule ya msingi tulikuwa na Kulwa na Doto darasa moja, Kulwa mtundu balaa Doto mpole kama nini. Kulwa akivunja kioo, Doto anapigwa. Kulwa akipiga kelele, Doto anapiga magoti. Siku ya tatu ya juma Doto akaamua na yeye kuvunja kitu maana fimbo ameshakula tayari, siku hiyo akashikwa Kulwa. Darasa zima tulianguka chini.

Sasa mwalimu wetu ndo alikuwa Jerry kwenye hii hadithi, anaadhibu sura hajui moyo uko wapi. Kwa hiyo mwenye uzi nakuunga mkono asilimia mia.

Bi Nyambizi

😂😂 Doto kalipwa haki yake.

dereva_wa_usiku

Nyie wote mmeisahau ya tembo. Jerry and Jumbo, 1953. Tembo mtoto anaanguka kutoka kwenye treni ya sarakasi, anaviringika mpaka ndani ya nyumba, Jerry anampaka rangi ya kahawia anakuwa kama Jerry mkubwa. Tom anafukuza panya mdogo, anakunja kona, panya kavimba kawa mkubwa kuliko yeye. Anarudi nyuma anajifuta macho, panya mdogo tena. Mpaka mama tembo naye anatokea kavaa sura hiyohiyo. Hapo Tom akili ndo inaondoka moja kwa moja.

Hii ni mwaka 1953, kwa hiyo huo mchezo wa kumchanganya mtu kwa sura moja walishaucheza kwa Tom miaka minne kabla ya kuucheza kwa Jerry. Timid Tabby ni kisasi cha Tom. Nawaachia hiyo.

Paka_wa_Gengeni

Dereva wewe ungekuwa karibu ningekununulia soda. Kisasi cha Tom!! Sikuwahi kuiangalia hivyo na sasa siwezi kuiangalia tofauti.

Ila ona tofauti yake. Kwa Jumbo, Tom anachanganywa na kimo. Macho yake yanamwambia panya kavimba, na macho hayadanganyi sana maana kweli kuna kitu kikubwa pale. Tom ni mtu wa nguvu, silaha yake ni ukubwa, ndo maana ukitaka kumvunja unamletea panya mkubwa kuliko yeye, au unamletea Muscles ambaye ni mdogo ila ana ngumi. Zote mbili zinampiga Tom palepale kwenye nguvu. Jerry ni mtu wa kusoma tabia, kwa hiyo yeye wakamletea sura isiyosomeka. Kila mmoja kapigwa kwenye kile anachojivunia. Sasa sijui walikaa wakapanga au ilitokea tu, lakini imekaa hivyo.

Bwana Msafwa

Hapa nakubali nusu. Hoja ya kila mmoja kupigwa anapojivunia nimeipenda. Ila bado Muscles juu.

kapteni_mchicha

Mimi naleta ya nje ya Tom and Jerry kama mwenye uzi ataruhusu. The Simpsons, epi ya 1997 inaitwa Brother from Another Series. Kuna yule Sideshow Bob, mhalifu msomi anayeongea kwa maneno makubwa na nywele kama mnanasi, kila akitoka jela anataka kumuua Bart, yule mtoto mtundu wa katuni hiyo. Kwenye hii epi anatoka amebadilika kweli na analetwa mdogo wake anaitwa Cecil, naye vilevile, maringo yaleyale, kiingereza cha kitabu kilekile, anapenda vitu vya kistaarabu vilevile. Ni injinia anasimamia ujenzi wa bwawa, anampa kaka yake kazi pale.

Uzuri wake ni kwamba sauti ya Bob ni Kelsey Grammer na ya Cecil wakamleta David Hyde Pierce, na hawa wawili kipindi hicho walikuwa wanaigiza kama ndugu kwenye kipindi cha vichekesho cha Frasier, ndugu wawili wenye maringo hivyo hivyo. Kwa hiyo wakiwa wanabishana kuhusu mvinyo na nani mama alimpenda unasikia kabisa watu waliozoeana.

Na mchezo wa kufanana ukageuzwa. Bart kazoea Bob ndiye mwovu, anamfuatilia Bob kila hatua anamwona Bob kila kona, kumbe anayetaka kulipua bwawa ni Cecil. Kinyongo chake kilianza zamani, alitaka yeye kuwa msaidizi wa yule klauni Krusty, kazi ikaenda kwa Bob hata bila Bob kuiomba. Na mwisho Bob, ambaye safari hii hana kosa kabisa na kaokoa mji, anarudishwa jela na Cecil, wanaanza kugombania kitanda cha juu.

Nikiunganisha na hoja yenu, Bart ni Jerry. Anamjua adui yake vizuri mno mpaka ujuzi wenyewe unamponza.

msee_wa_Rongai

Hapo kwa kitanda cha juu niliisha. Watu wazima wamevaa nguo za jela wanabishana kama watoto wa boarding.

Paka_wa_Gengeni

Kapteni nimeruhusu na ungechelewa ningekuita. Hiyo ya Bart ni haswa ninachosema, na wao waliifanya kwa maneno matupu, Tom and Jerry wamefanya bila hata mtu kufungua mdomo sana. Ndo maana hawa wawili wanaeleweka Tanga, Kisumu, Bujumbura na Muscat bila mtu kutafsiri chochote.

kinda_la_2009

Wakubwa shikamooni. Mimi ningependa kuuliza, je yule panya mdogo wa kijivu anayevaa nepi naye si anafanana na Jerry? Mbona hamumtaji?

Kijoti

Marahaba kijana. Huyo ni Nibbles, wengine wanamwita Tuffy, alianza 1946 kwenye The Milky Waif. Na epi zilizochukua Oscar kama The Little Orphan na The Two Mouseketeers yumo. Lakini yeye hajawekwa pale afananishwe, ni mtoto, rangi yake tofauti, hata Tom akiwa usingizini atajua huyu ni nani. Yeye na Jerry wanachekesha kwa njaa. Mtoto anakula kila kitu Jerry anabaki kumfunika makosa. Ni pea ya mzazi na mtoto.

dereva_wa_usiku

Tena yule mtoto ni hatari kuliko Muscles, Muscles anapiga wanaomsumbua tu.

Bwana Msafwa

Sasa tusimalize bila kupiga kura. George au Muscles?

mama_Zuu_wa_Tegeta

George.

Bi Nyambizi

George, na nataka nimuone anarudi tena.

fundi_rimoti

Muscles. Mtu anayekuja na kofia moja anaondoka mtaa mzima unambusu miguu huwezi kumkataa.

kapteni_mchicha

George. Cecil wa pili.

kinda_la_2009

Mimi Jumbo.

Bwana Msafwa

Kijana hukuulizwa Jumbo.

Paka_wa_Gengeni

Mwacheni, Jumbo ana hoja. Kwa ambao mnaenda kuzitafuta usiku huu, anzeni na Jerry's Cousin, ifuate Jerry and Jumbo, Timid Tabby mwishoni, zinapanda vizuri kwa mpangilio huo na zote ni fupi, hazimalizi hata nusu saa. Na ukifika kwenye George usimwangalie George wala Tom, mwangalie Jerry usoni kila anapokunja kona.

fundi_rimoti

Karanga zimeisha, naenda kuweka bando.